Mbele Yako Ni Nani

Huku kwetu ukimwambia mtu jina lako, umeshamwambia na jambo la nyumbani kwenu. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana vilevile, mpaka tumbo lichoke. Mzazi hachagui. Mtoto anakuja na jina lake tayari. Na akifa wa kwanza, wa pili hapandi. Anabaki wa pili mpaka kaburini, na kila anayemwita anajua kuna mwingine alitangulia. Hivyo ndivyo ilivyo Bwera, na hivyo ndivyo ilivyo ng'ambo ya mpaka, Kongo, maana sisi na wao ni watu wamoja. Mpaka ulitukuta tumeshaketi.

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini majina hayanipotei. Ukinitajia mtu aliyeuza chumvi ya Katwe sokoni nilipokuwa msichana, nitakutajia na mama yake. Humu sitaandika hata jina moja. Wengine wako hai na wana haya zao. Mmoja hatujui kama yuko hai, na ni kwa ajili ya huyo nimeketi kuandika.

Habari ilishuka kutoka Kyarumba pamoja na wanawake wanaobeba kahawa kichwani. Kuna watu watatu, walisema, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wakimbizi wa upande wa Butembo waliopanga chumba Kasese mjini. Wanazunguka shule za msingi na ngoma na kinyago cha chui. Wana mchezo wanaouita nyumba. Mwanamke anaita: binti wa kwanza! Mabinti wote wa kwanza wanasimama, anachagua mmoja. Mvulana wa kwanza! Anachagua mmoja. Hivyo hivyo mpaka nyumba ijae, watoto wamejipanga mstari, kila mmoja ameshika kiuno cha aliye mbele. Halafu chui anakuja, ananyakua mmoja, na waliobaki wanamtafuta huku shule nzima ikiimba. Watoto wanaupenda mchezo huo mpaka wanakauka sauti.

Lakini kabla ya chui, mwanamke anapita kwenye mstari akiuliza kila mtoto swali moja. Nyumbani, mbele yako ni nani, na yuko wapi? Mtoto anajibu: ni fulani, yuko darasa la sita. Ni fulani, yuko Hima anapakia simenti. Ni fulani, ameolewa. Watu wanacheka, mchezo unaendelea. Kule Kyarumba akaulizwa mvulana mdogo. Akamtaja kaka yake, akasema, "Yuko chini ya migomba."

Mama yake alikuwa amesimama nje ya ua na mzigo wa maharage. Aliutupa chini akalia kama siku ya mazishi yenyewe, na maharage yakatelemka njia yote ile ya mlimani, watu wakashindwa hata kuyaokota.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Ilipofika Bwera habari ilikuwa imeota pembe. Mvulana alizimia. Mvulana alisema kwa sauti ya kaka yake. Kinyago kina ngozi ya kweli na kilio ndani yake. Na mwalimu mkuu wa shule yetu alikuwa ameshawaalika watu hao, hajauliza mzazi yeyote. Basi wazazi wakawaka, na mkutano ukaitwa: watu hawa wanafaa kuingia shule ya msingi, au hawafai?

Mimi nilikuwa na sababu yangu, na haikuwa kinyago.

Binti yangu aliolewa ng'ambo, barabara ya Beni. Siku kijiji chao kilipovamiwa alikimbia na mtoto wake wa pili mgongoni, bado ananyonya. Wa kwanza, msichana aliyekuwa ameanza tu kujua kufunga viatu vyake, alikuwa ameshikwa mkono na jirani, mbele kidogo barabarani. Watu walikuwa wengi. Risasi zikalia, watu wakatawanyika kama mtama uliomwagika penye kuku. Binti yangu alifika kwangu Bwera na mmoja. Mume hakufika. Jirani hakufika. Wa kwanza hakufika.

Hakulia. Nilimpa maji ya kuoga, akaoga, akasema kwa Kiswahili cha ng'ambo alichorudi nacho, "Iko kwa shangazi yake, Butembo." Mara ya kwanza aliisema kama mtu anayeomba. Baadaye akaisema kama habari. Mwaka ukapita na mwingine, mjukuu wangu akakua akiisikia. Kila Noeli likaja gauni, na mama yake akasema limetoka kwa dada yako. Msichana akalivaa kanisani akijigeuza-geuza watu waone.

Mara moja mfanyabiashara wa kutoka Butembo alipita kwetu na salamu za shangazi huyo. Akasema shangazi anauliza kama watoto wote wako hapa, maana kwake hakuna aliyefika. Binti yangu alikuwa anapanga samaki wa Katunguru kwenye beseni. Hakuinua kichwa. "Ulikosea nyumba," alimwambia. Akamfungia samaki wawili wa njiani, akamwambia aende salama. Tangu siku hiyo hatukulitaja tena. Matanga hatukuweka, maana huwezi kuweka matanga ya mtu ambaye yuko kwa shangazi yake.

Sasa wiki ile ya habari za Kyarumba nilikuwa nasonga bundu, ugali wetu wa muhogo, nikasikia watoto uani wanacheza nyumba. Walishaujua mchezo kabla wenyewe hawajafika. Mjukuu wangu alikuwa kwenye mstari. Mtoto wa jirani akamuuliza kwa sauti ya kiongozi wa ngoma, mbele yako ni nani? Akajibu bila kusita, kifua mbele:

"Ni dada yangu. Iko Butembo kwa shangazi, anasoma kwa masista."

Masista aliwaongeza mwenyewe. Nilibaki na mwiko juu ya chungu mpaka bundu likashika chini. Maana wale wachezaji ni watu wa Butembo. Wangemuuliza shangazi gani, mtaa gani, shule gani ya masista. Kwa wema tu, kama watu wanavyoulizana habari za kwao. Na mjukuu wangu angesimama mbele ya shule nzima akijibu, na kila jibu lingekuwa hewa.

Nilimwambia binti yangu kwamba naenda Kasese kuonyesha goti hospitali. Goti kweli lilikuwa linauma. Lakini nilipofika mjini nikauliza walikopanga wacheza ngoma, nikaonyeshwa chumba nyuma ya mashine ya kusaga.

Mwanamke alikuwa peke yake, ameketi mlangoni, chui mapajani, anamshonea sikio. Alikuwa wa umri wa binti yangu. Aliniona na goti langu akanipa kiti chake, yeye akashuka chini. Aliniita mukaka, yaani bibi, kama wanavyoniita wajukuu wangu, na mimi nikaona vibaya kwamba nimemjia na ugomvi.

Nilimwambia nimetoka Bwera, kwamba shule yetu inawangoja, na kwamba nina ombi. Chezeni. Pigeni ngoma. Chui na anyakue anayetaka. Lakini lile swali liacheni.

Hakuuliza kwa nini. Alikata uzi kwa meno. "Mukaka, bila ile swali inabakia kuruka-ruka tu. Hata mbuzi inaruka."

Nikamwambia mbuzi harudishi mtu msibani. Akakubali kwamba Kyarumba ilimuumiza, kwamba walibaki pale mpaka jioni wakiokota maharage ya yule mama pamoja naye. Halafu akanieleza neno ambalo sikulitaka. Shule ya pale Katunguru, karibu na daraja, mtoto mmoja aliulizwa yuko wapi aliye mbele ya mama yake, kwa sababu yeye mwenyewe ni wa kwanza. Akasema mjomba alipotea siku walipokimbia. Wacheza ngoma wakalibeba jina. Walipofika Hima walimwuliza kila mpakia simenti aliyekuja kutazama ngoma, na mmoja akasema, huyo ni mimi.

"Haikuwa ndugu yake," alisema. "Ilikuwa mujomba. Lakini ni mutu."

Akanitazama. "Na weye, Mukaka, uko natafuta nani?"

Nikasema simtafuti mtu. Nikasimama, goti likalia, nikaondoka hata maji sikunywa.

Nilirudi nimekasirika, na hasira yenyewe siielewi hata leo vizuri. Msiba una mwisho. Watu wanakula, wananyoa, wanarudi makwao. Sisi hatukuwa na msiba, lakini tulikuwa na kimya, na kimya kile kilikuwa kimekaa vizuri, watu wanaishi ndani yake, mtoto anakua. Yule mwanamke alitaka kuja kukisukuma. Nikaapa kwamba hawaingii Bwera. Nilipita kwa wanawake watatu ninaowaheshimu nikawaambia mchezo ule haufai kwa watoto wadogo. Sababu sikuwaambia. Nao hawakutaka sababu zaidi ya kinyago, maana kinyago kiliwatosha.

Mkutano uliwekwa siku ya soko, alasiri. Nilifurahi, kwa kuwa siku ya soko binti yangu hatoki kwenye meza yake ya samaki mpaka jua lizame.

Walituweka darasa la kwanza, kwenye madawati ya watoto, magoti yetu juu kama panzi. Mwalimu mkuu alisimama mbele na chaki mkononi, ingawa hakuwa na la kuandika. Alieleza kwamba aliwaona watu hao wakicheza kwingine, kwamba watoto wetu wengine hawafungui mdomo darasani lakini kwenye mchezo ule wanataja jina kwa sauti. Hakumaliza. Mzee wa kanisa, anayeketi nami benchi moja misa ya asubuhi, alishainua mkono.

Mzee alisema polepole, kama anavyosoma somo. Kinyago ni kinyago. Mababu walikuwa na sababu ya kukitengeneza, na sababu hiyo hatuifahamu sote, basi tusiilete katikati ya watoto waliobatizwa. Watu wakaitika. Mwanamke mmoja wa nyuma akasema hao wa ng'ambo na viuno vyao, leo watawafundisha nyumba, kesho watawafundisha rumba. Watu wakacheka. Mama mwingine, wa ng'ambo mwenyewe, akamjibu kwamba kiuno chako, dada, kilihitaji mwalimu zamani, na sasa umechelewa. Wakacheka tena, lakini kicheko hicho kilikuwa na meno.

Halafu akasimama yule tunayemwita Afande. Ni mstaafu wa jeshi, anashika lango la shule bila kuombwa. Huku mpakani hakuna anayehitaji kuambiwa kwa nini shule ya watoto ina lango la chuma. Alisema maneno machache. Watu watatu, ngoma kubwa, gunia la mavazi. Ndani ya ngoma kuna nini? Ndani ya gunia kuna nini? Nani anawajua? Mpaka hayo yajibiwe, lango limefungwa. Aliketi, na hakuna aliyecheka.

Nikaona mambo yanakwenda ninakotaka. Mwalimu mkuu alinitazama. "Mama, wewe ni mzee wetu hapa. Kila mtoto wa shule hii unamjua mpaka jina la ukoo wake. Unasemaje?"

Nilisimama. Nilisema kinyago hakinitishi, na viuno tumeviona. Kinachonitisha ni swali. Mtoto akiulizwa mbele yako ni nani, anaulizwa habari za watu wazima. Katika darasa hili tulimo, nikasema, nikianza kuwataja walio mbele ya watoto wenu na kusema wako wapi, nusu yenu mtatoka nje mkilia. Basi tusiwaachie wageni kazi ambayo mimi mwenyewe siwezi kuifanya.

Kulikuwa na mama mmoja mbele yangu ambaye mtoto wake wa tatu anaitwa wa tatu na wa pili hayupo. Aliinamisha kichwa. Nilijua nimeshinda. Mwalimu mkuu aliiweka chaki mezani akasema, basi, kama wazazi wameona hivyo, atawapigia simu wageni awaambie wasije.

Harufu ya samaki ndiyo iliyoniambia kwanza. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, kitenge cha sokoni bado kiunoni, magamba mikononi yanang'aa. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Miye naomba baje," alisema. Yaani waje.

Mzee wa kanisa akageuka. Mwalimu mkuu akamkaribisha ndani. Hakuingia. Alishika mwimo wa mlango kama mtu anayeshikilia mtumbwi.

Alisema anawajua watu hao. Aliwaona Katunguru alipokwenda kununua samaki, akasimama kwenye ua wa shule na beseni lake mpaka mchezo ukaisha, na siku ya pili tena, na siku nyingine tena. Samaki wake walikuwa wanaharibika juani na yeye amesimama. Anajua habari ya mjomba wa Hima. Alimwona huyo mjomba kwa macho.

Mimi nilikuwa bado nimesimama. Nilisema, "Mwanangu, twende nyumbani tuongee."

Hakunitazama. Aliwatazama wale wengine wote. "Mutoto yangu ya kwanza haiko kwa shangazi," alisema. "Sijue iko wapi. Miaka yote hii nasema iko kwa shangazi. Haiko."

Nje mtoto alikuwa anachezea bomba la maji, tunamsikia. Nilikaa, maana goti lilikataa.

Mzee wa kanisa ndiye aliyejibu, na ninamheshimu kwa vile alivyouliza taratibu. "Mama, huyu wa pili yuko hapa shuleni. Una hakika unataka aulizwe hivyo mbele ya watu?"

"Baba, anaulizwa kila siku," binti yangu alisema. "Jina yake inamuuliza. Kila mwenye anamwita, anamuuliza." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Hawa batu beko natembea kwa kila shule. Huku na kule, pande mbili. Kama mutoto yangu iko hai, iko kwa shule fulani. Mulango wa hii shule mukiufunga, munafungia nani?"

Halafu Afande alisimama, dawati likaguna. Alimtazama binti yangu, akamtazama mwalimu mkuu.

"Waingie," alisema. "Gunia nitalifungua mimi. Ngoma nitaipiga mimi kwanza."

Mzee wa kanisa akaomba akione kinyago kabla watoto hawajakiona. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Watu walitoka wakimpita binti yangu mlangoni, na kila mwanamke alimgusa begani, hata walio na nguo nzuri.

Njiani nilitaka kumwambia nilikwenda Kasese, lakini niliona kwamba anajua. Alisema tu, "Mama, goti inaendelea aje?" Nikasema linaendelea.

Kazi ngumu ilikuwa bado. Mtoto alikuwa uani anafua sare yake. Binti yangu alichuchumaa karibu naye, akaanza kukamua soksi ambazo zilishakamuliwa, akamwambia. Alimwambia yote: barabara, jirani, mkono, risasi. Hakupunguza. Mimi nilikuwa jikoni nimegeuzia mlango mgongo, lakini masikio hayana mgongo.

Mjukuu wangu hakulia pia. Wanafanana. Aliuliza, "Na gauni za Noeli?"

"Nilinunua soko."

"Zote?"

"Zote."

Msichana alimaliza kuosha sare, akaianika, akavuta kila pindo linyooke. Halafu akaingia ndani, akatoka na gauni la mwisho, la manjano, akaliweka mapajani mwa mama yake kama mtu anayerudisha kitu dukani. Akaenda kukaa kwa jirani, na usiku huo alikula huko. Siku zilizofuata alimjibu mama yake kwa kichwa tu, ndiyo, hapana. Sombe, ile mboga ya majani ya muhogo aliyoipenda sana, sikumwona akiigusa. Nikafikiri, ndiyo hayo. Kimya kimesukumwa, na chini yake hakukuwa na kitu ila mtoto anayemkasirikia mama yake.

Siku ya mchezo nilikwenda mapema. Afande alilimwaga gunia langoni: vitambaa, njuga, sidiria moja ya kuchekesha watu, ndoo. Akapiga ngoma kwa kiganja, akaweka sikio. Mzee wa kanisa alikichukua kinyago, akakigeuza ndani. Ndani kilikuwa gunia la mchele, maandishi yake bado yanasomeka, na mkanda wa sidiria ya pili wa kukifungia. Aliyasoma maandishi yale mpaka mwisho, kwa makini. Akamrudishia mwanamke, akasema, "Ni mchele tu," akaenda kukaa kivulini.

Watoto walikaa uwanjani, wazazi tukasimama nyuma yao. Binti yangu alikuja. Meza ya samaki alimwachia mwenzake. Ngoma ikaanza, na sitaki kusema uongo, ilikuwa nzuri. Yule mwanamke niliyemkuta ameshika sindano alikuwa mtu mwingine kabisa, sauti yake inafika mlimani. Aliita wa kwanza, akachagua. Akaita binti wa pili. Walisimama wengi, na mjukuu wangu katikati yao hakuinua mkono. Nikashukuru. Lakini mwanamke alimchagua yeye, na sijui kama alikuwa ameambiwa, sijauliza mpaka leo.

Mstari ukajaa. Aliye mbele ya mjukuu wangu alikuwa binti wa kwanza wa nyumba nyingine, mtoto wa darasa la pili, mdogo kuliko yeye. Wote walishikana viuno. Mjukuu wangu hakumshika. Alisimama akaacha nafasi, mikono ubavuni. Wa nyuma yake wakamsukuma kidogo, hakusogea.

Mwanamke akaanza kuuliza. Yuko darasa la tano. Yuko Kampala. Yuko hapa hapa, yule anayetoka kamasi. Watu wanacheka. Akafika.

"Mbele yako ni nani?"

Mjukuu wangu akalitaja jina la binti wa kwanza.

"Iko wapi?"

Mtoto aligeuza kichwa, akatutafuta nyuma ya umati, akamwona mama yake. Akamtazama kwa muda mrefu, kama anayelipa siku zote zile ambazo hakumtazama.

"Sijui," alisema. Kwa sauti, walisikia wote. "Lakini mukimuona mahali, mumuambie mama anamutafuta. Niko hapa Bwera. Na mukaka iko."

Mwanamke wa ngoma hakuichezesha tena sauti yake. Alimwitikia taratibu, kama mtu anayepokea mzigo, "Nimesikia." Chui akaja baadaye, akamnyakua mvulana mnene wa mwisho, na watoto wakapiga kelele mpaka ndege wa mikaratusi wakaruka.

Walipokuwa wanafunga vitu, mwanamke alikuja kwetu. Alisema, Mukaka, sasa nipe. Nikajua anachotaka. Nikampa: jina la baba wa mtoto na la baba yake, jina la kijiji na la kilima kilicho juu yake, jina la yule jirani aliyemshika mkono, la mume wa jirani na la watoto wao, majina ya wote ninaowajua waliokuwa barabarani siku ile, waliofika na wasiofika. Yeye aliyarudia nyuma yangu bila karatasi. Mara moja alipanga vibaya ndugu wawili, nikamrekebisha, akaanza upya kutoka mwanzo. Afande alikuwa amesimama karibu, ngoma kichwani, anangoja, hakumharakisha mtu.

Alipomaliza, aliuliza jina la mtoto mwenyewe. Nikamtajia jina la binti wa kwanza. Akatikisa kichwa.

"Hilo ni ya wote, Mukaka. Kila shule nikiita, banasimama makumi. Kwa nyumba, mulikuwa munamwita nani?"

Nalijua jina hilo. Lilitoka kwa mama yake, kwa sababu ya jambo ambalo mtoto alikuwa analifanya na mdomo wake akiwa mchanga, na halikuwahi kusemwa nyumbani kwangu tangu binti yangu alipofika na mmoja. Lilikuwa mdomoni mwangu tayari. Nikafunga mdomo, nikamwangalia binti yangu.

Mjukuu wangu alikuwa amekuja, amesimama kati yetu, vumbi la mchezo miguuni. Yeye jina hilo hakuwahi kulisikia. Aliinua uso akamwangalia mama yake, akingoja.

Binti yangu alilisema. Mara ya kwanza halikutoka vizuri, mwanamke akaomba arudie. Akalirudia.